Fundi Umeme wa Mutuka, Grupu la Mafundi na Tangazo Lililomnyima Usingizi

Nani anachagua waya unaopita juu ya dari lako? Usijidanganye, siyo wewe. Wewe umechagua rangi ya geti, tailizi za sebuleni na ile taa ya kuning'inia uliyoiona Instagram. Waya, breka, soketi na ile fimbo ya athi iliyozikwa nyuma ya nyumba vilichaguliwa na mtu aliyekuandikia orodha kwenye karatasi ya daftari. Fundi umeme. Ukifika dukani unamkabidhi muuzaji karatasi, naye anateremsha mzigo. Na kama fundi kaandika jina la kampuni, unanunua kampuni hiyohiyo, maana utabisha na nini?

Wenye viwanda wanalijua hilo kitambo. Tangazo la soda linakutafuta wewe, ila tangazo la sakiti breka linamtafuta fundi. Na pale Mutuka, moja ya kata za mji wa Babati, kuna kijana ambaye tangazo lilimtafuta mpaka likamkuta kitandani, saa tano usiku, simu mkononi, mke amelala pembeni.

Jina lake liachwe. Kitaa wanamuita Fundi na inatosha. Alisoma VETA, ana mke, ana mtoto mmoja, na wakati huo wa pili alikuwa njiani. Kazi haikuwa shida sana. Babati imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa umegwe kutoka Arusha mwaka 2002, na mji ukipewa cheo, watu wanajenga. Leo yuko Maisaka anapiga paipu ukutani, kesho Nangara anavuta nyaya, keshokutwa yuko kwake Mutuka anamalizia kwa jirani ambaye hajamlipa ya mwezi uliopita. Maisha ya fundi yanaeleweka.

Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba jamaa anaandika. Siku moja fundi mwenzake alimtumia picha ya soketi iliyoungua akamuuliza tatizo ni nini. Badala ya kujibu "badilisha tu", akaandika maelezo marefu kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: kwa nini taa zinapewa waya wa 1.5 na soketi 2.5, kwa nini ukifunga breka ya ampia 32 kwenye waya wa 1.5 ni sawa na kuajiri mlinzi kipofu, kwa nini skrubu iliyolegea ni hatari kuliko waya uliokatika. Yule mwenzake akayarusha mahali, waliosoma wakayarusha kwingine. Wiki chache baadaye jamaa akafungua grupu la WhatsApp. Wakajaa: wa Babati mjini, Magugu, Dareda, Galapo, Katesh, mpaka wa Kondoa na Singida. Sheria zilikuwa tatu. Hakuna siasa, hakuna picha za "asubuhi njema" zenye maua, na ukiuliza swali lazima uweke picha.

Kila Jumatano alikuwa anashusha somo. Watu walilisubiri kama tamthilia.

Alichofungua, bila kukipa jina, ni jarida la taaluma. Halina karatasi, halina mhariri mwenye miwani, lakini ni jarida. Na kwa wenzetu mambo haya yana umri mrefu kuliko balbu yenyewe. London kulikuwa na jarida la The Electrician tangu 1861, miaka 18 kabla Edison hajawasha taa yake iliyomtangaza, wakati umeme ulikuwa bado ni habari za telegrafu. Marekani, Electrical World lilianza 1874. Haya hayakuwa magazeti ya kusoma saluni. Yalisomwa na watu wa kazi, na kurasa nyingi zilijaa matangazo ya swichi, mota, kebo na vipimo, vitu ambavyo mtu wa kawaida akiviona anafunua ukurasa haraka.

Hapo kwenye matangazo ndo pana utamu. Majarida mengi ya fani hii baadaye yaliacha kuuzwa, yakawa yanagawiwa bure. Lakini bure yake ilikuwa na masharti. Ulijazishwa fomu: wewe ni nani, kiwanda chako kinafanya nini, una sauti kwenye manunuzi au unatumwa tu? Ukionekana mtu unayeweza kusema "tununue hii", jarida linakuja mezani kwako bila senti tano. Ukionekana msomaji tu mwenye hamu ya kujua, pole, kanunue. Bidhaa iliyokuwa inauzwa pale ni msomaji, na mnunuzi wake ni mwenye tangazo.

Sasa mwenye tangazo naye si mjinga. Akiambiwa jarida lina wasomaji elfu hamsini anauliza, nani kawahesabu? Ndiyo sababu Marekani kukawa na wakaguzi wa nje wa kuhesabu hayo majarida ya kugawiwa, kazi iliyoanza mwaka 1931. Halafu kukawa na kadi. Ndani ya jarida kulikuwa na kadi ya posta yenye namba nyingi zimepangwa, kila tangazo na namba yake. Ukipenda breka ya ukurasa wa 40, unazungushia namba yake kalamu, unaiposti. Ofisi ya jarida inakusanya kadi, inampelekea kila mwenye tangazo orodha ya waliomzungushia. Waliiita kadi ya bingo, kwa kuwa ilifanana na ile ya mchezo. Usicheke ukadhani imekufa. Ukitaka kupakua kitabu cha maelezo cha kampuni ya vifaa vya umeme, ukaulizwa barua pepe, cheo na jina la ofisi kabla hujapewa, umeshikishwa kadi ya bingo.

Na kuna siku majarida haya yalibeba kitu kizito kuliko matangazo yake. Tarehe 19 Aprili 1965, jarida la Electronics lilichapa makala ya Gordon Moore, yule ambaye baadaye alishiriki kuanzisha Intel, akikisia kwamba vipande vinavyobanwa kwenye chipu moja vitaendelea kuongezeka maradufu kila mwaka. Simu uliyoshika ni mtoto wa makisio hayo. Lakini nani anatunza gazeti la kazini? Mwaka 2005 Intel walikuwa wanatafuta nakala safi ya toleo lile, wakatangaza dola 10,000 kwa atakayeleta. Maktaba zikaanza kulinda nakala zao kama dhahabu. Aliyeshinda ni mhandisi mmoja Mwingereza, alikuwa kahifadhi magazeti yake chini ya mbao za sakafu. Mke gani wa Kitanzania angekubali hilo, hiyo ni mada ya siku nyingine.

Huku kwetu majarida ya wahandisi yapo. Taasisi ya wahandisi wa Kenya inatoa Engineering in Kenya, na yapo mengine. Tatizo ni kwamba yanaandikwa kwa Kiingereza na yanamlenga mhandisi mwenye ofisi na kiyoyozi. Fundi wa Mutuka anafikiwa na kalenda. Anafikiwa na kofia, na fulana yenye nembo ya kampuni ya kebo mgongoni ambayo ataivaa mpaka mikono itoboke. Kalenda moja iliyotundikwa juu ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme inatazamwa na mafundi wengi kuliko jarida lolote, na inakaa miezi 12. Ndiyo maana grupu la jamaa lilikuwa mali. Lilikuwa limekusanya wasomaji ambao hakuna mtu mwingine aliyewakusanya.

Mtu wa mauzo aliligundua.

Alikuwa kijana mtanashati, anasambaza waya wa jina jipyajipya mikoa ya kaskazini. Walikutana kwenye mgahawa karibu na stendi ya Babati, akaagiza kuku wa wawili bila kuuliza bei. Akaanza.

"Fundi, grupu lako lina watu wangapi?"

"Mia sita na ushee."

"Wenye leseni ya EWURA ni wangapi humo? Wanaofunga nyumba zaidi ya mbili kwa mwezi? Na wangapi wanamwandikia mteja orodha, wangapi wananunua wenyewe?"

Maswali yaleyale ya fomu ya jarida la bure, neno kwa neno, na huyu bwana labda hajawahi kuliona hata moja. Biashara ya tangazo ikifika popote inauliza maswali hayo.

Jamaa akasema ukweli, na hapa apewe maua yake. Akaeleza kwamba katika mia sita, wanaozungumza ni kama sabini, wengine wapo kimya, na wapo ambao hata si mafundi, wameingia kutafuta mafundi. Yule bwana akacheka. "Bosi wangu nitamwandikia mia sita, we usijali." Hakukuwa na mkaguzi wa 1931 pale mezani. Kulikuwa na kuku.

Dili likawa hivi: laki mbili kwa mwezi, kwa miezi sita, mbili za mwanzo zinalipwa mapema. Tangazo moja kila Jumatano, chini ya somo. Na ndani ya kila rola la waya kuna kuponi ya kukwangua, kama zile za kwenye ndoo za rangi. Fundi akituma namba, anaingiziwa hela kwenye simu. Hela ndogo, ila ukifunga nyumba tano kwa mwezi unalipa kodi ya chumba.

Laki nne zikaingia. Mke alikuwa kwenye miezi ya mwisho, kliniki imeshasema aandae pesa ya upasuaji iwapo mambo yatabadilika. Zikaenda huko. Nani angefanya tofauti?

Wiki saba mambo yalikuwa poa. Grupu likachangamka, watu wanatupia picha za kuponi walizokwangua. Halafu jamaa akapata kazi ya mama mmoja palepale Mutuka, mjane, anayejenga kwa hela ya vikoba, chumba kimoja kimoja. Alimwandikia orodha, akaandika waya ule anaoutangaza. Mama akanunua.

Jamaa aliponyanyua rola la 2.5 akasita. Mikono ya fundi ni mizani. Mita 100 za waya wa 2.5, shaba yake peke yake bila plastiki, ni kama kilo mbili na robo. Hili alilinyanyua kama ameshika mfuko wa mkate. Akamenya ncha, inang'aa wekundu wa shaba vizuri tu. Akachukua kisu akakwangua taratibu. Chini ya wekundu, weupe. Alumini iliyopakwa shaba. Akatoa kipimo chake cha venia: uzi wa 2.5 unatakiwa uwe na unene wa karibu milimita 1.78, huu haukufika hata 1.5.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umesimama, kuna kilichopungua nikakinunue?"

"Hapana mama. Waya huu nataka nikaubadilishe dukani."

"Si ndo ule uliouandika wewe?"

Hapo hakuna jibu zuri. Akasema ndiyo.

Kwa ambaye hajaelewa ubaya uko wapi: alumini inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na ikiwa nyembamba tena, shida inazidi. Birika la umeme linavuta kama ampia 9. Waya mzuri wa 2.5 unazibeba bila kutoa jasho. Huu unapata moto, na kwenye skrubu ya soketi alumini inatanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, skrubu inalegea, ikilegea moto unaongezeka. Breka haijui chochote, maana breka inahesabu ampia, haiguswi na joto la soketi ya jikoni kwako. Na mchezo wote uko nyuma ya plasta. Unaweza kuishi nao miaka miwili ukiwa na amani kabisa.

Akampigia yule mtu wa mauzo. Jibu lilikuwa laini kama siagi: "Bro, hiyo ni bechi moja imeingiliwa. Nakutumia rola jingine leo leo kwa basi. Ila usiandike kitu grupuni, utatuharibia wote." Angalia hilo neno, wote. Tangazo jingine lilikuwa linatakiwa Jumatano, na ilikuwa Jumatatu.

Usiku ule ndo ule wa saa tano. Aliandika, akafuta. Mke akaamka.

"Baba K, lala."

Akamweleza. Mwanamke akakaa kitandani, mkono juu ya tumbo, akauliza swali moja tu la maana: "Na ile laki nne wakiitaka?" Kesho yake jamaa akaenda kwa mzee aliyemfundisha kazi, fundi wa tangu enzi za mita za kuzunguka kisahani, kabla ya LUKU. Mzee akakwangua waya kwa ukucha, akautema mate akaufuta, kisha akasema, "Dogo, mimi hilo grupu lako naingia Jumatano tu. Hayo matangazo nilidhani umeyapima." Basi. Akaendelea na chai yake.

Jumatano somo likashuka. Halikutaja kampuni. Lilikuwa na picha ya rola kwenye mizani ya muuza nyama, picha ya kisu na waya uliokwanguliwa, picha ya venia ikisoma namba, na maelezo ya kila hatua ambayo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaweza kuyafuata. Lebo kaikata. Mwishoni akaandika kwamba tangazo la wiki hii halipo na hela ya waliolipa itarudishwa. Dakika kumi hazikuisha, grupu zima lilishajua ni waya gani, maana rangi ya plastiki ilionekana.

Yule bwana alipiga simu akiwa hana tena ulaini. Alitaka laki nne zake, na jamaa akakubali kurudisha kwa mafungu. Kipande cha waya kikapelekwa ofisi ya TBS Arusha. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha vifaa alisikia, naye stoo yake ilikuwa na marola ishirini ya waya uleule, kwa hiyo kukopeshana kukaisha siku hiyo. Haya yote aliyategemea.

Asichokitegemea ni wasomaji wake. Aliposhusha lile somo alidhani watampigia makofi. Wachache walimpongeza. Lakini wengi walikasirika, tena walimkasirikia yeye. Mmoja aliandika kuwa ana kuponi kumi na nne hajazikwangua, sasa nani atamlipa? Mwingine akasema fundi mwenzao ana wivu, anaharibu riziki za watu. Mwingine akauliza kwa nini alitangaza kitu miezi miwili bila kukipima, na huyo, kusema haki, alikuwa na hoja. Karibu watu mia wakajitoa kwa siku tatu.

Hapa ndipo hadithi za "msema kweli" zinavyopotosha watu. Inadhaniwa ukiweka pesa ya mwenye tangazo pembeni, wasomaji wanakuja upande wako. Lakini kuponi zilikuwa zimeshawagusa wasomaji nao. Pesa haikuwa mfukoni mwa jamaa peke yake, iligawanywa kidogokidogo kwenye simu mia kadhaa kuanzia Magugu mpaka Katesh, na kila aliyeipokea alikuwa na sababu ya kutotaka kukwangua waya. Hata mkaguzi angekuja na daftari lake angekuta grupu lina watu halisi, wanasoma kweli, wananunua kweli. Hesabu zote zingekuwa sahihi.

Wiki ile ya pili, usiku tena, ikaingia meseji ya faragha kutoka kwa fundi wa Dareda ambaye hajawahi kuandika kitu kwenye grupu tangu aingie. Mmoja wa wale wa kimya. "Kaka, nimekwangua. Nimeshafunga nyumba nne kwa waya huo. Watu wanaishi humo. Nifanyeje?"

Jamaa akamjibu papo hapo: anza na soketi za jikoni na za pasi, ndizo zinabeba mzigo. Shusha breka za soketi ziwe ampia 10 ili zikate mapema. Waambie wenye nyumba wasitumie birika wala jiko la umeme mpaka waya utolewe. Usiunge waya mpya na ule mbovu kwenye skrubu moja. Kisha akaandika kwamba Jumapili atakuja, na atakuja na mtu.

Jumapili wakaenda watatu kwa pikipiki mbili, na rola la waya mzuri lililonunuliwa kwa hela ambayo ilitakiwa irudi kwa yule bwana. Mtoto alikuwa amezaliwa Alhamisi, kwa njia ya kawaida, mama na kichanga wazima. Nyumba ya kwanza walipofungua soketi ya jikoni wakakuta plastiki ya ndani imeanza kubadilika, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, akawa amesimama mlangoni anaangalia tailizi zake zinavyojaa vumbi.

"Sasa hii kazi analipa nani?"

Mafundi wakatazamana. Yule wa nyumba nne akavua kofia. Ilikuwa na nembo ya waya uleule.

"Mimi, mwalimu. Ila naomba unipe muda."